Kuchukua dawa au kumeza dawa?

Swali: Ninaishi Kayole, Nairobi. Juzi nilimpeleka nyanya yangu, mwenyeji wa Lamu, kliniki. Mhudumu wa dirisha la dawa akamwambia, "Nyanya, hizi utazichukua mara tatu kwa siku." Nyanya akashtuka: "Mwanangu, nauli ya kuja hapa mara tatu nitaitoa wapi?" Watu wakacheka. Nani alikosea?

Jibu: Nyanya hakukosea hata chembe. Kuchukua ni kushika kitu ukaondoka nacho. Ndiyo maana mbeba mizigo ni mchukuzi, na wizara inayoshughulika na usafiri ikaitwa ya Uchukuzi. Dawa huchukuliwa pale dirishani, basi. Ukifika nyumbani vidonge unameza, ya maji unakunywa, marhamu unajipaka. Na ukitaka neno moja la kuzibeba zote, sema kutumia.

Mhudumu alikuwa na kitenzi cha Kiingereza kichwani, "take", akakipa Kiswahili cha kwanza kilichomjia mdomoni. Kitenzi hicho kina kazi nyingi mno, na kazi hizo sisi tumewagawia wengi. Picha tunapiga, matatu tunapanda, mtihani tunafanya, kombe tunatwaa. Kiapo je? Kiapo tunakula. Hapo ndipo lugha yetu inaponigusa: aliyechukua mzigo anaweza kuutua njiani, lakini aliyekula kiapo amekiingiza mwilini, hana tena pa kukiweka chini.

Sisemi kila "chukua" inayofanana na Kiingereza ifutwe. Matatu ya abiria 14 huchukua watu 14, na kutoka kuchukua watu hadi kuchukua muda si mbali. Safari ichukue saa tano, hakuna neno. "Kuchukua hatua" nayo imekwisha kuota mizizi, siing'oi. Ila "nachukua chai" ninayoisikia maofisini siikubali: chai inanywewa, na anayeichukua ana mahali anapoipeleka.

Kwenye dawa sina mzaha. Nyanya alisema kwa sauti ndipo mkajua hakuelewana na mhudumu. Mwingine angeona haya, akanyamaza, akaenda nyumbani na pakiti asijue la kufanya nayo. Zamani bahasha za dawa ziliandikwa "kimoja kutwa mara tatu", na mzee wa Lamu na kijana wa Kayole wote walielewa. Chukua kalamu umwandikie hivyo: meza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.