Sikukuu ya Katikati ya Vuli kwenye chekechea ya China: kazi ya mikono kwanza

Mwalimu mgeni anayefundisha Kiingereza kwenye chekechea nchini China akiambiwa "andaa kitu cha sikukuu", mara nyingi hukimbilia slaidi za kueleza sikukuu ni nini. Kazi bure. Mtoto wa miaka minne ameshakula keki za mwezi, zile za sikukuu hii, kwa bibi yake, na habari za sungura anayetwanga dawa mwezini anazijua kukuzidi. Mpe kitu cha kushika, na maneno machache ya Kiingereza ya kutamka huku mikono ikifanya kazi: mwezi, sungura, taa, duara, bonyeza. Hadithi akusimulie yeye.

Anza na kalenda. Sikukuu huangukia tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, mwezi ukiwa mpevu. Waliozoea kuhesabu Nisfu Shaabani hawatapata shida kuelewa. Tangu 2008 siku yenyewe ni ya mapumziko kitaifa, kwa hiyo sherehe ya darasani hufanyika siku moja au mbili kabla. Mwaka 2026 ni Ijumaa, 25 Septemba, basi lenga Jumatano au Alhamisi. Mwaka 2025 iliangukia 6 Oktoba, katikati ya likizo ya Siku ya Taifa, na mwalimu aliyepanga sherehe wiki hiyo alikuta milango imefungwa. Mwaka 2027 ni 15 Septemba, wiki mbili tu baada ya shule kufunguliwa.

Hizo wiki mbili zina maana kubwa kuliko mapambo yote. Watoto wa darasa dogo, wa miaka mitatu, bado wanalia asubuhi wakiachwa. Ukiwaalika wazazi saa nne asubuhi kisha wakaondoka, kilio kinaanza upya na darasa zima linafuata. Waite wazazi saa ya mwisho, ili kila mtoto aondoke na wake. Usiwaulize watoto mbele za wenzao watakula na nani usiku huo. Sikukuu hii ni ya familia kukutana, na wapo wanaolelewa na babu na bibi kwa sababu wazazi wanafanya kazi mkoa mwingine.

Sasa keki. Zile za kuoka, zenye ngozi ya kahawia na kiini cha yai la chumvi, ziache kwa waokaji. Za darasani ni za ngozi nyeupe ya theluji, ambazo ngozi yake hupikwa kwa mvuke, na keki huliwa baridi. Zungumza na mkuu wa shule na jikoni wiki mbili kabla. Jiko la shule lina taratibu zake: huhifadhi sampuli ya kila chakula, angalau gramu 125, kwa saa 48. Chakula ulichopika nyumbani na kukileta kwenye mfuko hakitapokelewa, na ni haki yao.

Kwa watoto 30 na akiba ya zitakazoharibika: gramu 135 za unga wa mchele unaonata, gramu 105 za unga wa mchele wa kawaida, gramu 60 za wanga wa ngano, gramu 150 za sukari ya unga, gramu 555 za maziwa na gramu 60 za mafuta ya kupikia yasiyo na harufu. Changanya, chuja, acha utulie nusu saa. Gawa kwenye vyombo vitatu bapa, kina kisizidi sentimita mbili, na upike kwa mvuke dakika 20 hadi 25, mpaka katikati pasiwe na uji mweupe. Chombo kimoja chenye kina ndicho huleta balaa: kando hukauka na katikati hubaki mbichi. Kanda unga ungali na joto mpaka mafuta yote yanywewe, ufunike, uweke kwenye friji saa moja.

Unga wa kunyunyizia kalibu, ili keki isinase, lazima uwe umekaangwa mkavu kwa moto mdogo, dakika tano hadi nane, kwa kuwa keki haipikwi tena baada ya hapo. Unga mbichi unaumiza tumbo.

Kalibu ya kusukuma ya gramu 50, ile inayobonyezwa kuipa keki umbo na ua juu, inataka gramu 25 za ngozi na 25 za kujaza. Pima zote mapema na uziviringe. Tumia maharage mekundu yaliyosagwa laini, mifuko miwili ya gramu 500. Mchanganyiko wa karanga na mbegu uuepuke kabisa kwa sababu ya mzio. Kabla ya hapo uliza wazazi kwenye kundi la WeChat, programu ya ujumbe ya China, kuhusu maziwa na ngano pia. Majibu yaandikwe, yasibaki kichwani.

Darasa la kati, la miaka minne, huwa na watoto hadi 30, na wote 30 wakisubiri kalibu mbili ni fujo. Gawa makundi matatu ya watoto kumi, kila kundi lipite vituo vitatu, dakika 15 kila kimoja: keki, taa, vitendawili. Kalibu tano zinatosha kundi moja, wawili wawili. Wa miaka mitatu wabonyeze tu. Kufunika kiini kwa ngozi waachie wa miaka mitano. Mtoto abonyeze, ahesabu hadi tano kwa Kiingereza bila kuachia, ndipo ainue na kusukuma. Ua lisipotokea, aliachia mapema. Keki ikinasa, kalibu haikunyunyiziwa unga. Ngozi ikipasuka, ilikaa wazi ikakauka. Ulaji ni lazima usimamiwe: ngozi hii inanata na inaweza kumkaba mtoto, hivyo kata vipande vinne, waketi, wawe na maji karibu.

Taa ni rahisi, ila karatasi ya kuandikia haifai, hulegea. Chukua nyekundu au ya njano ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Kunja kwa urefu, chora mstari sentimita tatu kutoka ukingo ulio wazi, kisha mtoto akate kuanzia kwenye mkunjo hadi mstarini, kila sentimita mbili. Atakayeanzia upande ulio wazi atabaki na vipande mkononi, kwa hiyo weka alama ya mkasi kwenye mkunjo. Fungua, viringa, gundi. Taa nyeupe tupu usitengeneze, zinakumbusha msiba. Na jina la mtoto usiliandike kwa wino mwekundu, bibi atalifuta kabla hamjaagana. Ndani weka taa ndogo ya betri, kamwe si mshumaa, na kifuniko cha betri kiwe cha skrubu: betri za kifungo zikimezwa huunguza koo.

Kituo cha tatu, cha vitendawili, ndicho kinachokufaa zaidi wewe uliyekulia kwenye "Kitendawili!" na "Tega!" Kubahatisha mafumbo yaliyoning'inizwa kwenye taa ni desturi ya zamani ya China, na watoto watapenda kujibu "Tega!" kwa sauti kubwa. Andaa mafumbo sita mafupi ya Kiingereza, kila moja na picha nyuma: masikio marefu, mkia mfupi (sungura); mara sahani, mara mundu (mwezi). Mwalimu msaidizi arudie kwa Kichina kwa watoto wanaokwama. Anayepata jibu asipewe peremende, sukari ya keki imetosha. Ashike taa ya kuongoza mstari wakati wa kutoka kwenda kwa wazazi.