Mwalimu, kitenzi "tener" kina sura ngapi?

Maswali yenu ya Kihispania

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kitenzi kimoja: tener, yaani kuwa na. Sishangai. Hakuna siku utakayozungumza Kihispania usikihitaji, na hakifuati kanuni za vitenzi vingine vya -er. Nimeamua kukipa ukurasa mzima.

Salamu kutoka Kisoro, mwalimu. Mimi nawaongoza wageni kwenda kuona gorila, na siku hizi Wahispania na Walatini wanazidi kuja. Nilinunua kitabu cha sarufi. Ukurasa wa tener umejaa majedwali, kila moja lina mistari sita. Nikishika hili, lile linanitoka. Nianzie wapi?

Ndugu yangu wa Kisoro, funika hayo majedwali kwanza. Anza na maneno unayomwambia mgeni kila asubuhi kabla hamjaingia msituni. Kwa mfano, sheria ya umri. Mama amekuja na kijana wake na anauliza kama ataruhusiwa. Unamjibu: Tiene que tener quince años. Lazima awe na miaka 15. Katika sentensi hiyo moja tener imefanya kazi mbili. Tiene que ni "lazima" au "inabidi", na tener quince años ni kuwa na miaka 15.

Hapo sisi tuna bahati kubwa, na nataka uitumie. Kiswahili husema nina miaka ishirini, nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina haraka, nina hofu. Kihispania nacho: tengo veinte años, tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo prisa, tengo miedo. Kiingereza hakisemi hivyo, na ndiyo maana wanafunzi wanaopitisha Kihispania chao kwenye Kiingereza hujikwaa hapa kwa miezi. Usipite huko. Toka kwenye Kiswahili moja kwa moja. (Neno años liandike na ule mkia juu ya n, ulisome kama ny ya nyumba. Bila mkia linakuwa neno jingine, la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wageni.)

Sasa sura zenyewe. Wakati uliopo: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Ile ie hutokea pale mkazo unapoangukia shina: TIE-ne, TIE-nen. Katika tenemos mkazo umehamia -ne-, kwa hiyo e inabaki ilivyo. Tengo peke yake imechukua g, nayo ina ndugu zake: vengo, pongo, salgo. Ng ya tengo isome kama ya ngoma, si kama ya ng'ombe.

Kwa kazi yako sura nne zinatosha kuanzia. Mgeni mzima huitwa usted, na usted hufuata kitenzi cha nafsi ya tatu: ¿Tiene frío?, unasikia baridi? Wakiwa wengi ni ustedes: ¿Tienen agua? Ongeza tengo na tenemos, basi. Tenéis utaisikia kwa Wahispania wakizungumza wao kwa wao, na Muargentina atakuambia vos tenés, wewe una. Zitambue kwa sikio, ila kuzitumia kunaweza kungoja. Mimi naona kumlazimisha mtu ajifunze vosotros, ile nyinyi ya tenéis, katika wiki ya kwanza ni kumpotezea muda, hasa mtu ambaye mgeni wake wa kesho anaweza kuwa anatoka Mexico.

Wakati uliopita una shina jingine kabisa: tuv-. Tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron. Watu huiogopa kwa sababu haifanani na tener, lakini kwa mdomo wa Mswahili ndiyo rahisi kuliko zote. Vitenzi vya kawaida hupeleka mkazo mwishoni, comí, comió, na sisi tuliozoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho tunateleza. Tuve na tuvo zina mkazo pale pale tunapoutaka: TU-ve, TU-vo, kama vile KU-la na KU-ja. Hata alama ya mkazo haziandikwi. Herufi v itamke b. Tuvo na tubo, yaani bomba, husikika sawa kabisa. Jioni mkirudi lojini, sema: Hoy tuvimos suerte. Leo tumekuwa na bahati.

Wakati ujao: tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán. Hiyo d imetoka wapi? Zamani wakati ujao ulijengwa kwa kuunganisha kitenzi kizima na sura za haber, kitenzi kisaidizi: tener na he, tener na has. E ya katikati ikadondoka, n na r zikagusana, na ulimi ukachomeka d ili upite. Ulimi wako unalijua jambo la jirani na hilo. Kiambishi n- kikikutana na -refu hatusemi nrefu, tunasema ndefu. Ulimi, ukiwa mwingi, ni ndimi. Sisi tumeimeza r au l yenyewe, wao wameiacha na kuweka d mbele yake, lakini shida iliyotatuliwa ni ile ile. Ukilielewa hilo unapata bure vendré, pondré, saldré na valdré. Mañana tendremos que caminar mucho: kesho itabidi tutembee sana. Hii mkazo wake kwa nafsi nyingine uko mwishoni kabisa, tenDRÉ, tenDRÁ, kwa hiyo isome kwa sauti ukiwa njiani peke yako mpaka mdomo uizoee.

Kuna moja zaidi utakayoihitaji wageni wakiondoka. Chukua tengo, toa o, weka a: tenga. Ni ile hali ya kutakia, kuomba na kutumaini, ambayo Kiswahili huonyesha kwa e ya mwisho. Que tenga buen viaje. Uwe na safari njema. Kwa kundi: Que tengan buen viaje.

Na ukishaishika tener, umeshika ukoo mzima: mantener, obtener, detener, contener. Mantuvo, obtendré, detengo. Hakuna jipya la kukariri.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, niko Jinja. Niliandika "Mi abuela tuvo una casa en Iganga" na mwalimu akanibadilishia tuvo kuwa tenía. Kwa Kiswahili zote si "alikuwa na"? Nitajuaje ipi ni ipi?

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya ukurasa huu, na limewasumbua watu waliosoma Kihispania kwa miaka mingi.

Tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían. Kwanza furahi kwamba hapa tener imetulia na inafuata kanuni. Katika wakati huu vitenzi vyenye ukaidi ni vitatu tu katika lugha nzima: ser, ir na ver.

Tofauti ni hii. Tenía inaeleza hali ilivyokuwa, bila kuonyesha ilianza lini wala iliisha lini. Bibi alikuwa na nyumba Iganga, na ndani ya hali hiyo unaendelea kutusimulia: likizo tulikwenda, uani kulikuwa na mfenesi, jioni alitupikia. Tuvo inalitazama jambo likiwa zima, na mwanzo wake na mwisho wake. "Mi abuela tuvo una casa en Iganga" si kosa la sarufi, ila msomaji ataelewa kwamba bibi aliwahi kuwa na nyumba huko na jambo hilo limekwisha. Kama ulitaka kutupeleka kwenye nyumba hiyo utotoni mwako, mwalimu wako alisahihisha vizuri.

Jaribio ninalowapa wanafunzi wangu hapa Kampala ni hili: weka alipata au aliingiwa na mahali pa alikuwa na. Ikikubali bila kuharibu maana, andika tuvo. Mi tía tuvo gemelos, shangazi alipata mapacha, yaani alijifungua. Mi tía tenía gemelos, shangazi alikuwa na mapacha, wameshazaliwa, labda wanacheza uani wakati kisa chako kinaendelea. Cuando oí el trueno, tuve miedo: niliposikia radi niliingiwa na hofu. Tenía miedo de la oscuridad: nilikuwa naogopa giza, siku zote hizo za utoto. Tuve noticias de mi hermano: nilipata habari za kaka yangu.

Jaribio hilo lina mpaka wake. Ukitaja kipindi kizima kwa kipimo, Kihispania huchukua tuvo hata pale Kiswahili kinapobaki na alikuwa na: Mi padre tuvo una tienda diez años, baba alikuwa na duka kwa miaka kumi. Miaka kumi imefunga mlango pande zote. Umri nao, katika usimulizi, karibu kila mara ni tenía: Cuando tenía siete años, vivíamos en Mbale. Nilipokuwa na miaka saba tuliishi Mbale.

Chukua ukurasa mmoja wa habari za utoto wako uuandike kwa Kiswahili kwanza, kisha pita na kalamu uweke alama kwenye kila "nilikuwa na" inayokubali "nilipata". Utaona ni chache. Zilizobaki ndizo tenía.

Mwalimu, mimi ni mama mfanyabiashara wa vitenge hapa Mpondwe, najifunza kwa simu usiku nikishafunga. Niliandika: "Si tendría dinero, tendría una tienda grande." Programu ikakubali nusu ya pili na kukataa ya kwanza. Mbona mimi nasema ningekuwa na pesa, ningekuwa na duka kubwa, pande zote nge?

Mama, umeona mwenyewe kiini cha jambo. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili za sharti. Kihispania hukataa. Upande wa si huchukua tuviera, upande wa matokeo huchukua tendría: Si tuviera dinero, tendría una tienda grande.

Tuviera haina haja ya kukaririwa. Chukua tuvieron, walikuwa na, toa -ron, weka -ra. Tuviera, tuvieras, tuviera, tuviéramos, tuvierais, tuvieran. Njia hiyo hutoa sura hii kwa kila kitenzi cha Kihispania bila ubaguzi: fueron inatoa fuera, vinieron inatoa viniera, hicieron inatoa hiciera. Naipenda kanuni hii kwa sababu haina hata mkaidi mmoja. Pia kuna tuviese, yenye maana ile ile. Ukikutana nayo kitabuni usishtuke.

Na ujue kwamba hicho ulichoandika, si tendría, husikika midomoni mwa Wahispania wenyewe huko kaskazini, upande wa nchi ya Wabaski na jirani zake. Shuleni hukatazwa, na wewe uandike tuviera, lakini usifikiri umesema kitu kisicho na maana. Kwa jambo lililokwisha kupita, ningalikuwa na pesa jana, ni si hubiera tenido dinero. Hiyo iache mpaka ya kwanza ikukae.

Mimi ni Muganda, Kiswahili nimejifunza sokoni. Kwenye video moja wanasema "hoy he tenido trabajo", nyingine "hoy tuve trabajo". Ipi sahihi?

Zote mbili, kwa mahali tofauti. Sehemu kubwa ya Hispania hutenga jambo la leo, he tenido, na la jana, ayer tuve. Mexico, Argentina na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini husema tuve kwa yote mawili. Wewe unayesema Luganda utaizoea ya Hispania haraka, kwa sababu nyumbani tayari unatenganisha agenze, yagenze na yagenda, zote za kwenda, kwa kadiri jambo lilivyo karibu au mbali. Msemaji wa Kiswahili pekee atapata kazi zaidi, maana -me- yetu haiangalii saa wala siku. Chagua upande kufuata watu utakaozungumza nao, kisha usichanganye.

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli Entebbe. Mgeni alininyooshea hela akasema "Tenga." Nilidhani ananiambia nitenge kitu. Alitaka nini?

Alikuwa anakuambia shika, chukua, kwa heshima. Ni ile ile tenga ya usted niliyomwandikia ndugu wa Kisoro, safari hii ikiwa amri. Rafiki kwa rafiki huambiana ten, silabi moja, kama ven na pon. Kukataza hurudi kwenye g: no tengas miedo kwa rafiki, no tenga miedo kwa mgeni, usiogope. Wenye kazi ya msituni waongeze Mantenga la distancia, kaa mbali kidogo, kwa sababu gorila hasogelewi chini ya mita 10. Nawe mapokezi, ukimrudishia balansi yake, mwambie: Tenga, señora, su cambio. Akiwa wa Amerika ya Kusini, mahali pa cambio weka vuelto.