Kabla ya kupanga nyumba mlimani, uliza jua linaondoka saa ngapi

Nyumba ya kwanza niliyopanga mlimani niliiona saa nne asubuhi, jua limewaka na bonde lote limetandazwa chini yangu. Siku hiyohiyo nikatia sahihi mkataba wa mwaka mzima. Sikujua kwamba ikifika saa tisa alasiri jua huzama nyuma ya kilima, na tangu hapo mpaka kesho yake asubuhi ukuta wa chumba cha kulala huwa baridi kama mtungi.

Mgeni wa wiki mbili hilo halimsumbui, kwa sababu yeye amekodi mandhari. Mpangaji wa mwaka anapanga mteremko, mvua zake na njia ya kufika pale. Mandhari yenyewe unaizoea ndani ya mwezi.

Kwa hiyo anza na jua. Kaskazini mwa ikweta, mteremko unaotazama kusini ndio hupata jua zaidi. Kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Karibu na ikweta angalia zaidi mashariki na magharibi: mlimani mawingu mara nyingi hukusanyika mchana, basi nyumba inayotazama mashariki huwahi jua la asubuhi kabla halijafunikwa. Wala usidhani kwamba ukishuka ndiyo umekimbia baridi. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini usiku uliotulia, usio na mawingu, hewa ya baridi huteremka na kutuama bondeni kama maji. Nyumba ya katikati ya mteremko inaweza kulala na joto kuliko ile ya chini kabisa.

Sasa ukungu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa ule moshi mweupe unaoingia dirishani na kwa yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye viatu, na mimi nimekuja kuamini kwamba aliyelibuni alikuwa mpangaji wa mlimani. Wiki ya sita nilivuta viatu vya ngozi kutoka chini ya kitanda nikakuta vimeota. Nikageuza godoro: upande wa chini umeloa, una madoa meusi kila lilipogusa ukuta. Nilimlaumu mwenye nyumba, ingawa nusu ya kosa ilikuwa yangu. Pumzi za usiku kucha, mvuke wa sufuria, nguo nilizoanika ndani kwa kuogopa mvua, yote hayo ni maji yaliyomo hewani, nayo yakikutana na ukuta wa baridi hugeuka matone. Tangu hapo nafungua madirisha ya pande mbili kwa dakika kumi kila asubuhi, kuwe na baridi au kusiwe, na kabati haligusi ukuta. Naacha nafasi ya kupitisha mkono.

Lakini kuna unyevu usioondoka kwa kufungua madirisha. Nyumba nyingi za mlimani zimechongewa nafasi kwenye mteremko, na ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Ukiona doa linapanda kutoka sakafuni upande huo, maji yanapenya kutoka nje, na dawa yake ni mfereji nyuma ya nyumba, kazi ya mwenye nyumba. Ukienda kuitazama nyumba, weka kiganja kwenye ukuta huo, nyuma ya kabati. Na ukinusa rangi mbichi kwenye ukuta mmoja tu, uliza kwa nini huo peke yake. Mimi niliinusa, nikasema moyoni, mwenye nyumba huyu anajali.

Kuhusu gharama za kupasha nyumba joto, usimwulize mwenye nyumba. Yeye atakwambia kuna baridi kidogo. Jirani atakwambia analala na soksi ngapi. Kuni hakikisha ni kavu, maana mbichi hutoa moshi mwingi na joto dogo. Na jiko la mkaa usilale nalo chumbani hata mara moja: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua. Gesi ya kupikia nayo itakwisha upesi kuliko ulivyozoea. Kwenye mita 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 93 tu, hivyo chakula kigumu hukaa jikoni muda mrefu.

Rudi pale siku ya mvua. Tazama maji ya barabarani yanaelekea wapi, na kama gari linapanda. Ukikuta miti iliyoinama upande mmoja, nyufa mpya ardhini au ukutani, milango iliyoanza kukwama bila sababu, au maji yanayobubujika mahali palipokuwa pakavu, huenda udongo unatembea. Hapo aga kwa heshima uondoke, hata kama kodi ni ya kutupa.

Kwenye mkataba mimi ninakazania jambo moja kuliko mengine: msimu. Mahali penye watalii, mwenye nyumba anaweza kukupokea kwa furaha miezi ya wageni wachache, kisha akaikumbuka nyumba yake wakijaa. Iandikwe wazi kwamba mkataba ni wa mwaka mzima, notisi ni ya miezi mingapi, kodi itapanda lini, na nani anatengeneza paa, bomba na njia ya kuingilia. Piga picha kila ukuta siku ya kukabidhiwa funguo, mbele ya mwenye nyumba. Mimi sikupiga, na amana yangu iliishia kwenye rangi nyingine mbichi ya ukuta uleule.

Nyumba ya pili niliitembelea mara tatu: asubuhi, jioni, na siku ya mvua kubwa. Huu ni mwaka wa nne nimo humo. Dirisha la sebuleni linatazama bati la jirani, na jua hukaa mpaka saa kumi na moja.