AC ya gari la zamani haitoi baridi? Usikimbilie kujaza gesi

Mwaka juzi nilijaza gesi ya AC mara tatu. Gari ni Corolla 110 ya 1998, spea zake ziko kila kona ya Kariakoo, ila AC ilikua inanidhalilisha. Unajaziwa leo inagandisha, ikifika wiki ya sita ni kama kuna mtu anakupulizia kwa mdomo, na mimi nipo foleni ya Mwenge saa nane mchana mwezi wa pili, vioo nimefunga kwa aibu tu watu wasijue AC mbovu. Nikirudi kwa fundi jibu ni lile lile, "bosi gesi imeisha", namuachia 60,000 naondoka nacheka.

Sasa wakuu, gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo kwenye mabomba. Gari la zamani linaweza kupoteza kidogo kidogo kwa miaka, sawa, lakini wiki sita? Hapo kuna tundu.

Kwanza hakikisha ishu ni gesi kweli. Washa AC usikilize klachi ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, ta... ta..., mara nyingi gesi imepungua na swichi ya presha inakata umeme ili kompresa isijiue, maana oili yake inasafiri na hiyo gesi. Isiposhika kabisa angalia na fyuzi na relei kabla hujatoa hela. Na kama inapoza ukitembea ila foleni inaleta joto, anza na feni ya kondensa, ile rejeta ya AC kule mbele.

Alafu geji nazo zinadanganya watu. Fundi wa pili alichomeka geji gari limezimwa, akasoma 95, akasema gesi ipo ya kutosha. Kumbe R134a, ndo hiyo gesi ya AC, kwenye joto la nyuzi 30 inasoma karibu psi 97 hata ikiwa imebaki nusu, ilimradi humo ndani bado kuna majimaji. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia tu, presha haikwambii umebakiza siku ngapi. Geji isomwe AC ikiwa inafanya kazi, pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa.

Kilichonisaidia mimi ni kufuata oili. Gesi huioni ila oili unaiona, inapotokea gesi na oili inatokea hapo hapo, vumbi letu hili linaganda juu yake panakua na tope jeusi la mafuta. Chukua tochi na tishu nyeupe, futa kila kiungo cha bomba, futa kondensa kule mbele inakopigwa na mawe, chungulia nyuma ya klachi ya kompresa maana sili ya shafti ikivuja oili inarushwa mpaka chini ya boneti.

Na mimi nilikuta oili kwenye kompresa! Nikaulizia mtumba, nikaambiwa 180,000, nusura nitoe. Mzee mmoja fundi akaniambia "mwanangu osha kwanza ndo uhukumu". Tukaosha, kesho yake tukaangalia, ile ilikua oili ya injini inatoka kwenye gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini. Kompresa haina kosa.

Tukapaka povu la sabuni ya vyombo kila kiungo, hamna kitu. Ikabidi tuweke ile rangi inayong'aa, inaingia na oili, unaendesha wiki nzima ndo unamulika usiku kwa tochi ya UV. Kituko cha kwanza shati langu jeupe ndo lililong'aa kama niko disko, kumbe ni sabuni ya unga. Kituko cha pili pale pa kujazia pote panawaka kijani, fundi alimwaga wakati anaweka rangi. Tukafuta pakawa pakavu, tukafungua kofia ya upande wa presha ndogo, ndani kabisa kuna nukta ya kijani. Tone la sabuni juu yake, tukasubiri. Kapovu kamoja kakaanza kuvimba taratibu kama jicho la chura, kakapasuka, kakaanza kengine.

Yani ni kale kasindano ka valvu kanakofanana na ka tairi. Elfu chache tu! (Ila usiweke ka tairi lenyewe, mpira wake sio wa gesi hii.) Na kofia yake haikua na mpira ndani, wakati ile kofia ndo ulinzi wa pili. Usijaribu kukafungua gesi ikiwa ndani, itolewe kwanza kwa mashine, ikikurukia mkononi au machoni inaunguza kwa baridi.

Baada ya hapo wengi wanavuta vakyumu, yani wananyonya hewa yote kwa pampu, nusu saa, mshale usiporudi wanasema safi. Vakyumu ni muhimu kutoa unyevu, ila ni kama psi 14 tu, wakati AC ikifanya kazi upande wa presha kubwa unapita psi 200, kwaiyo tundu dogo linaweza kukaa kimya. Sisi tulijaza naitrojeni kavu mpaka psi 150 kupitia regulata ndo tukapaka povu tena. Fundi akileta mtungi wa oksijeni mfukuze, oksijeni na oili inalipuka. Zile dawa za kuziba matundu pia sizitaki, zinaweza kuziba na njia za gesi yenyewe.

Usipoona popote, shuku evaporeta, ile inayopoza hewa ndani ya dashibodi. Angalia kama kale kabomba kanakodondosha maji kanatoa mafuta, na uombe Mungu isiwe hiyo maana kufungua dashibodi ni shughuli ya siku nzima na ikirudi lazima kuwe na kitu kinagonga.

Gesi nilijaziwa kwa mzani, gramu zilizoandikwa kwenye stika ya boneti, na drayer mpya, kile kichujio kinachonyonya unyevu. Saizi mwezi wa 14 sijarudi. Kofia ya upande wa presha kubwa nayo nimekuta haina mpira, bado naitafuta.