Nilimfokea mama mgonjwa, sasa najiona sifai

SWALI: Dokta namuuguza mama yangu, alipata kiharusi, huu mwaka wa pili, upande wa kulia haufanyi kazi na kuongea ni kwa shida. Juzi usiku alimwaga maji kitandani nikamfokea, tangu hapo silali, najiona sifai kabisa. Rafiki yangu ananiambia eti mawazo yangu ndo yananiumiza kuliko kazi yenyewe, nimekasirika kweli, ina maana najitakia? Na je nimuombe mama msamaha au ntamkumbusha machungu tu?

JIBU: Pole sana dada yangu. Hujitakii. Kumgeuza mtu mzima usiku, kubadili mashuka, kukumbuka dawa, hiyo kazi ni nzito na hata ufikirie vizuri vipi godoro halitakauka lenyewe. Ila rafiki yako kagusa kitu cha kweli, basi tu kakisema vibaya.

Turudi kwenye ule usiku. Maji yamemwagika, umechoka, umefoka. Mpaka hapo ni uchovu, na kila anayeuguza muda mrefu anaujua. Hafu kichwa kikaongeza lake: "binti gani anamfokea mama yake mgonjwa, sifai." Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona wanapitiwa na mawazo kama hayo, yanakuja haraka yenyewe na mtu anayameza bila kuyahoji. Kosa la dakika moja linageuka hukumu ya maisha mazima, na hukumu hiyo ndo inakunyima usingizi, usipolala kesho unafoka tena, ukifoka unasema si nilijua, unajibana zaidi.

Kwa wanaouguza kuna wazo lingine naliogopa kuliko hilo, "hakuna anayeweza kumhudumia kama mimi." Linaonekana ni upendo, na upendo upo kweli, lakini linafunga mlango, ndugu akijitolea unakataa, mwishowe anaacha kuuliza, na wewe unasema unaona sasa, niko peke yangu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 uliofuatilia wazee wenye ndoa kwa miaka 4, waliokuwa wanauguza wenzi wao na kulemewa walikuwa na hatari ya kufariki kubwa kwa asilimia 63 kuliko wasiouguza, ila kwa waliouguza bila kulemewa tofauti hiyo haikuthibitika. Kwa hiyo kukupunguzia mzigo ni suala la afya yako, usilione ni kudeka.

Sasa ufanyeje. Chukua daftari, ikitokea siku mbaya andika kilichotokea, pembeni andika kichwa kilisema nini, neno kwa neno. Mfano: "Maji yamemwagika, nimefoka." Pembeni: "Sifai." Hafu jiulize mdogo wako angekuja analia na kisa hikihiki ungemwambia hafai? Andika ambacho ungemwambia yeye. Sikutumi ujidanganye kwamba mambo ni mazuri, jibu liwe la kweli, labda "nilifoka kwa sababu nilikuwa sijalala, nilikosea, na mashuka nilibadilisha."

La pili ni jaribio dogo. Mtu mmoja akae na mama saa moja, kabla hujatoka andika unachoogopa, ukirudi andika kilichotokea. Mama mmoja niliyemhudumia alimwachia mdogo wake kurasa nne za maelekezo ya kumkalia baba yao saa moja tu, akapiga simu mara sita, aliporudi akakuta baba kalala na shuka limekunjwa visivyo. Alikaa analitazama lile shuka muda mrefu. Wiki iliyofuata alitoka saa tatu nzima, simu akapiga mara moja.

Kama hali ya kukosa usingizi na kujiona hufai imeendelea wiki mbili au zaidi, nenda ukaonane na daktari, na likija wazo la kutaka kufa usisubiri, nenda siku hiyohiyo na mtu wako wa karibu akusindikize.

Kuhusu msamaha, muombe. Wengi waliopata kiharusi kikaathiri usemi wanaelewa kuliko wanavyoweza kujibu, kwa hiyo kaa upande wake wa kushoto, mkono unaofanya kazi, umshike, umwambie kwa maneno machache, "mama, juzi nilikufokea, nisamehe." Hafu tulia, mpe muda, jibu linaweza kuja kwa vidole.