Kucha dhaifu na seti ya jeli ya nyumbani: subiri kwanza, nami nakueleza kwa nini

Dada, umesema umetoka kuvua kucha za bandia, na za kwako zilizokuwa chini yake zimebaki laini kama karatasi iliyolowa. Zinabanduka matabaka, na ukucha wa kidole cha pete umeinuka pembeni na una weupe. Seti ya jeli, ile rangi ya kucha inayogandishwa kwa mwanga wa taa, umeshanunua, sasa unauliza kama jeli itazishikilia zisivunjike wakati zinaota. Wengi wamekujibu upake tu beskoti nene, yaani lile tabaka la kwanza la jeli. Mimi nakuomba usubiri. Hiyo njia nimeipita mpaka mwisho.

Nilipoanza, kucha zangu zilikuwa nzima. Jeli yangu ya kwanza ilikaa wiki mbili ikiwaka kama kioo, kisha ikainuka ukingoni kwenye kidole gumba. Nikapenyeza ukucha wa mkono wa pili chini yake, nikavuta. Ikatoka kipande kizima, raha kabisa, na upande wake wa chini ulikuwa na utando mweupe uliochanika. Utando ule ulikuwa ukucha wangu, ila sikuujua. Ukucha wa mkono una unene wa kama nusu milimita tu, nao umepangwa matabaka ya seli zilizokufa zilizojaa keratini, protini inayojenga kucha. Jeli hulishika tabaka la juu kwa nguvu kuliko tabaka hilo linavyoshikana na la chini yake, kwa hiyo ukivuta, kinachoachia ni ukucha. Nilibandua hivyo mara nne au tano ndani ya miezi mitatu. Kucha zikawa na mabaka meupe yanayokwaruza, zikawa zinakunjika nikifunga kifungo cha shati, na maji ya moto yakawa yanachoma kana kwamba sina kucha.

Hapo nikafanya kile unachotaka kukifanya wewe: nikapaka jeli ili kuzikinga. Kwa siku chache zilionekana ngumu. Lakini ukucha mwembamba unapinda kila unaposhika kitu, na jeli ngumu iliyo juu yake haipindi nao, kwa hiyo inaachia mapema zaidi. Ikishaachia, mkono hautulii, utabandua tu. Kila safari nilikuwa napaka kuficha uharibifu wa safari iliyotangulia.

Kuna pia moto wa kwenye taa. Jeli inapoganda chini ya mwanga hutoa joto lake yenyewe, na kadiri ulivyoipaka nene ndivyo joto linavyozidi. Mwenye ukucha mzima husikia uvuguvugu. Mimi nilichomoa mkono kwa kishindo, machozi yakanitoka. Kwa hiyo wanaokuambia upake nene kwa sababu kucha ni nyembamba wanakupeleka pabaya mara mbili: itakuunguza, na mwanga unaweza usifike chini, ukabaki na jeli iliyokauka juu huku chini ni mbichi.

Na hiyo jeli mbichi ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Katika mwezi wa nne ncha za vidole viwili zilianza kuwasha. Nikadhani ni sabuni. Ngozi ikakauka, ikapasuka nyufa ndogo kuzunguka kucha, nikaanza kupaka dawa ya fangasi niliyojinunulia. Kisha kope zikavimba na kuwasha, na sikuzihusisha na kucha hata kidogo, ingawa tunagusa uso kwa vidole siku nzima. Daktari wa ngozi alipoangalia vidole vyangu aliniuliza swali moja tu, kama napaka jeli mwenyewe nyumbani. Nilibandikwa vibandiko vya kipimo mgongoni, vikatolewa baada ya siku mbili, na kusomwa tena siku chache baadaye. Kibandiko cha HEMA kilikuwa kimevimba na kujaa vilengelenge.

HEMA ni mojawapo ya viambato vinavyofanya jeli ishike, ni cha jamii ya kemikali ziitwazo metakrilati. Ikishaganda sawasawa haina neno kubwa. Ikiwa mbichi na ikagusa ngozi tena na tena, mwili unaweza kuikariri kama adui, na ukishaikariri hauisahau. Mzio huu kwa kawaida ni wa maisha. Na hauishii kwenye urembo: kemikali za jamii hiyo zimo katika vijazio vya meno, katika saruji inayotumika kushikiza viungo bandia vya nyonga na magoti, na katika gundi ya baadhi ya vipima sukari vinavyobandikwa mwilini. Sasa kila nikienda kwa daktari wa meno naanza kwa kumwambia kuhusu mzio wangu. Ukucha ulioharibika huota mwingine. Hili langu halioti jipya.

Sikutishi kwa kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa tahadhari kuhusu mzio huu, baada ya kukuta asilimia 2.4 ya wagonjwa waliopimwa wana mzio wa angalau metakrilati moja, na kikasema wazi kwamba wanaopaka nyumbani wawe makini na watumie taa iliyopendekezwa kwa jeli yao. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi tu, na tangu 2021 pakiti lazima ziandikwe hivyo pamoja na onyo la mzio. Kwa hiyo soma pakiti yako. Ukiona HEMA, au lile jina refu Di-HEMA trimethylhexyl dicarbamate, iweke pembeni. Lakini usipumzike kwa kuwa imeandikwa haina HEMA, kwa maana bado ina ndugu zake, nao pia huweza kuleta mzio.

Sasa kwako. Kucha zako ni nyembamba ama kwa kusagwa na mashine, ama kwa kubanduliwa, au vyote viwili. Hazina ugonjwa, zimepunguzwa unene, na unene haurudishwi kwa kupaka kitu juu, unarudi kwa kuota. Kucha za mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukucha mzima huchukua takribani miezi sita kubadilika. Najua ni mingi. Mimi nilikuwa na mfereji mdogo mahali palipoishia uharibifu, nikawa nautazama kila Jumapili ukisogea kuelekea nchani. Nyuma yake ukucha ulikuwa mnene, mbele yake bado karatasi, na ukipitisha kidole unasikia ngazi. Tafuta ngazi hiyo kwenye kucha zako, ndiyo itakuambia umefika wapi. Utasikia pia kwamba kucha zinahitaji kupumua. Ukucha haupumui, unalishwa na damu kutoka chini. Kupumzika kunasaidia kwa sababu unaacha kuukwaruza, kuulowesha asetoni na kuubandua.

Kipindi hicho zikate fupi kabisa, zisipite nyama. Ukucha mfupi hauna pa kukunjikia. Vaa glovu ukifua na ukiosha vyombo, kwa maana kulowa na kukauka mara nyingi ndiko kunakotenganisha matabaka kuliko kitu kingine chochote. Mafuta nilipaka kila usiku, ya jojoba, lakini hata mafuta mazito ya kawaida ya kupaka mwilini yanafaa, mradi uyasugue mpaka kwenye ngozi ya shina la ukucha na chini ya ncha. Jihadhari na dawa za kukaza kucha zenye kemikali ya fomaldehaidi: zinazifanya ngumu, kisha zinazifanya ziwe kavu na za kukatika. Vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya kucha na nywele, sikuona tofauti, na ushahidi wake kwa mtu asiye na upungufu ni mdogo. Kama unavimeza, mwambie daktari kabla ya kupimwa damu, maana vinaweza kupotosha baadhi ya majibu, yakiwemo ya tezi ya shingoni (thairoidi) na ya moyo. Na kama kucha zako zilikuwa dhaifu hata kabla ya za bandia, au zimebonyea kama kijiko, pima damu uangalie madini ya chuma. Hilo haliponi kwa mafuta.

Ukishafika mahali ngazi imepita katikati ya ukucha, haziumi ukizibonyeza, na ngozi haiwashi, basi ukitaka kupaka, paka. Mdogo wangu anapaka na kucha zake ni nzima. Mimi siwezi tena kushika vitu hivi, hivyo hukaa mbali kidogo nikimwelekeza kwa mdomo.

Mashine ya kusaga hatumii. Anasukuma ngozi ya shina kwa kijiti baada ya kuoga, haikati. Juu ya ukucha anapitisha sifongo laini ya kusugulia, ya namba 240 au zaidi, mara mbili tatu tu kuondoa mng'ao, kisha anafuta kwa spiriti. Anachagua beskoti laini inayonyumbuka, ile wanayoiita ya mpira, kwa sababu inapinda pamoja na ukucha. Anapaka nyembamba kiasi kwamba unaona kama hajapaka, na anaacha nafasi ya kama milimita moja kabla ya kufika kwenye ngozi. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea mimi, nikipaka mpaka inagusa ngozi ili ionekane imejaa. Ikigusa, ifute kwa kijiti kabla ya kuingiza mkono kwenye taa, si baada.

Vidole gumba vipake peke yake. Ukiviingiza pamoja na vingine hulala upande na mwanga hauvifikii sawa. Taa iwe ya kampuni ile ile iliyotengeneza jeli, na muda uwe ule ulioandikwa. Wingi wa wati hautoshi kuamini, kwa sababu kila jeli huganda kwa mawimbi fulani ya mwanga na taa mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana. Kama taa ina hatua ya joto dogo, itumie kwa beskoti. Ukisikia moto, toa mkono, subiri, rudisha, kisha ukamilishe muda wote. Mwishoni utabaki utando unaonata juu. Hiyo ni kawaida, ila usiuguse kwa kidole, ni jeli ambayo haijaganda. Futa kwa pamba yenye spiriti kutoka shina kwenda nchani, na kila ukucha pamba yake, usije ukaisambaza kwenye ngozi.

Taa zote hizi, hata zile zinazouzwa kwa jina la LED, hutoa miale ya UVA, aina ya miale iliyomo pia kwenye jua. Vaa glovu zilizokatwa ncha au paka mafuta ya kukinga jua mikononi. Na ukiwa unameza antibiotiki ya doksisaiklini, usipake kabisa mpaka umalize dozi na dawa itoke mwilini, kwa sababu dawa hiyo pamoja na miale hiyo inaweza kufanya ukucha uachane na nyama.

Kuitoa ndiko kunakoamua kucha zako zitakuwaje mwezi ujao, kwa hiyo kama usiku huo huna dakika 40, usianze. Kwaruza topkoti tu, lile tabaka la juu kabisa, kwa tupa mpaka mng'ao uondoke, bila kufika kwenye ukucha. Paka mafuta mazito kwenye ngozi inayozunguka. Weka kipamba chenye asetoni, funga kwa foili, kaa dakika 15. Ukifungua, jeli iwe imechanika na kuinuka yenyewe, unaisukuma kwa kijiti cha mbao bila nguvu. Isiposukumika, funga tena dakika tano. Asiyekuwa na subira ya hizo dakika tano ndiye anayerudi hapa na kucha za karatasi. Baada ya hapo osha mikono, paka mafuta, na acha kucha wazi wiki moja au zaidi uziangalie zilivyo.

Ukisikia kuwashwa hata kidogo, kwenye vidole au kwenye kope, siku ile au siku tatu baadaye, acha. Usibadilishe kampuni ujaribu nyingine. Mimi nilibadilisha mara mbili, na kila mara mwili ulipata nafasi nyingine ya kuzidi kuchukia.

Kuhusu kidole chako cha pete, hicho usikipake hata vingine vikipona. Ukucha ulioachana na nyama una nafasi chini yake, na ukiifunika kwa jeli unyevu unabaki humo, bakteria wanamea, na unaweza kuukuta umegeuka kijani. Kata sehemu iliyoinuka taratibu mpaka pale inaposhika, iweke kavu, usichokonoe chini yake kwa kijiti. Kama katika wiki chache weupe unasogea kuelekea shina badala ya kupungua, au kunauma, kunatoa usaha, au umeona mstari mweusi mpya kwenye ukucha huo mmoja tu, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na kucha tupu, bila rangi yoyote, ili aone. Chukua pia picha ya maandishi ya viambato kwenye zile kucha za bandia na kwenye seti uliyonunua. Mimi nilienda mikono mitupu, nikarudishwa nyumbani kuzifuata.