Mpira wa kulishia puani: niutoe au niuache?

SWALI: Shikamoo sista. Niko Newala. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, kilo 8, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Akila anapaliwa, na tumeshalazwa kwa nimonia zaidi ya mara moja. Safari hii tumeruhusiwa na mpira wa kulishia unaopita puani. Mama mkwe anasema unamtesa mtoto, niutoe nimlishe kwa kijiko kama zamani, maana siku hizi hata hakohoi sana. Mimi naogopa usije ukaingia kwenye mapafu. Na dawa za kifafa nazo nizipitishe humo?

JIBU: Marahaba mama. Usiutoe.

Hilo la "hata hakohoi sana" ndilo lililonishtua. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, koo linaweza kupoteza hisia, chakula kikaingia njia ya hewa bila mtoto kukohoa hata mara moja. Kwa hiyo ukimya wake usikutulize. Angalia kama machozi yanamtoka akila, kama sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, kama pumzi zinakwenda mbio mlo ukiisha. Ukijumlisha hayo na nimonia zinazojirudia, na kilo 8 kwa umri huo, kijiko kwa sasa si salama. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba mpira haukuja kuchukua nafasi ya mkono wake. Umekuja kumpa mtoto uzito wakati mapafu yanapumzika. Kama ataruhusiwa kuonjeshwa kidogo kwa mdomo, na kitu gani, aamue aliyempima anavyomeza.

Hofu yako kuhusu mapafu ni ya haki, na ndiyo hatari kubwa ya mpira huu. Ulipowekwa, walipaswa kuweka alama ya kalamu au plasta pale unapoingia puani. Kabla ya kila mlo na kila dawa, tazama alama hiyo kwanza. Ikiwa imesogea, acha. Ikiwa ipo mahali pake, vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, udondoshee kwenye karatasi ya kupimia asidi: 5.5 au chini ya hapo inaonyesha uko tumboni. Pima kabla ya mlo, si mara tu baada yake, kwa sababu maziwa hupandisha namba. Omba karatasi hizo hospitali walikokuruhusu, na muuguzi akusimamie ukipima mwenyewe mpaka mkono uzoee. Ile njia ya kusukuma hewa na kusikiliza tumbo usiitegemee, wala ya kutumbukiza ncha ya nje kwenye maji uone mapovu. Zote mbili hudanganya. Ukikosa majimaji, mlaze ubavu wa kushoto, subiri kidogo, jaribu tena. Ukikosa kabisa, au mpira ukichomoka, usilishe na usiurudishe mwenyewe. Nenda hospitali, na mapema, kwa sababu dawa ya kifafa haisubiri.

Wakati wa kulisha akae, au kichwa na kifua viinuliwe vizuri, na abaki hivyo angalau nusu saa baadaye. Chomoa kisukumio cha bomba, liinue juu kidogo ya kichwa chake, chakula kishuke chenyewe. Usisukume hata kama una haraka. Akikohoa, akitapika au akibadilika rangi, kunja mpira mara moja usimamishe.

Chakula chenyewe mpangiwe na afisa lishe. Nasema hivi kwa sababu huko kwetu, hasa msimu wa korosho, kila jirani atakwambia usage korosho utie kwenye uji. Korosho ina mafuta na protini, lakini kwenye mpira mwembamba chembe zake huganda. Uji wa makopa nao huziba, na ni wanga mtupu.

Dawa, ndiyo, zinapita humo, lakini kila moja peke yake, isichanganywe na maziwa. Saga kidonge kiwe vumbi, koroga na maji, pitisha, kisha suuza kwa maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa. Kabla ya kusaga, muulize mfamasia, kwa sababu kabamazepini ya kutolewa polepole haisagwi. Najua maji Newala ni shida, ila haya usiyabanie: weka chupa safi yenye kifuniko kwa ajili ya mpira tu. Dawa ya kifafa isikatizwe ghafla kwa sababu yoyote. Degedege likija katikati ya mlo, funga mpira, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Likipita dakika 5, kimbilia hospitali.

Jambo moja wazazi wengi hulisahau: asiyekula kwa mdomo bado anapigwa mswaki. Mate yenye vijidudu yakishuka mapafuni huleta nimonia ileile. Kitambaa laini chenye unyevu, asubuhi na jioni.

Plasta ya shavuni ibadilishwe ikilowa jasho. Muda wa kubadilisha mpira wenyewe hutegemea aina yake, kwa hiyo waandike tarehe kwenye kadi. Ukionekana utahitajika kwa miezi, uliza Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kuhusu mrija unaowekwa tumboni kwa upasuaji mdogo, na kama ni rufaa ya Muhimbili, waianze mapema.